Mkono Juu ya Boneti

Mume wangu alikuwa dereva. Aliwaendesha wakubwa wa serikali katika magari marefu ya dizeli yenye viti vya ngozi tangu ujana wake mpaka alipostaafu, na siku ya kustaafu alirudi nyumbani Sindo amebebwa na pikipiki. Hakuwahi kuwa na gari lake mwenyewe. Nilipomuuliza sababu, alisema mpishi wa hoteli haendi nyumbani na sufuria.

Kisha figo zake zikachoka. Mara mbili kwa wiki ilitubidi tufike Homa Bay asubuhi na mapema ili aunganishwe na mashine ya kusafisha damu. Tulikuwa tukikodi gari la jirani. Asubuhi moja gari hilo halikuwaka. Jirani alijaribu, akalitukana, akaita watu wasukume. Jua likachomoza tukiwa bado uani, na tulipofika Homa Bay zamu yetu ilikuwa imepita, nafasi ikawa ya kesho yake. Mume wangu alilala ameketi kwa sababu akijinyoosha pumzi zilimpotea. Nilimwegemeza kifuani pangu nikihesabu anavyovuta hewa. Tangu hapo nimekuwa mtu wa kuogopa asubuhi.

Ndipo tulipoamua kununua gari letu kwa kiinua mgongo changu cha ualimu. Mimi nilitaka kigari kidogo cha petroli, kama cha mwalimu mwenzangu. Yeye alikataa kata kata. Alitaka la dizeli, tena la wakubwa. Nilimwambia hiyo ni tamaa ya uzeeni. Akanieleza kwa upole kwamba akitoka kwenye mashine mwili wake huwa kama umetwangwa kinuni, na kwamba viti vya gari lile humlaza mtu bila kumtikisa. Isitoshe, dizeli huenda mbali kwa mafuta machache, na safari yetu haikuwa na mwisho tunaoujua. Nikakubali.

Gari tuliliona kwenye simu. Lilikuwa Uriri, la mzee mmoja aliyestaafu umeneja wa kiwanda huko pwani na kurudi nyumbani na gari lake. Mume wangu hakuweza kusafiri, miguu yake ilikuwa imevimba. Kwa hiyo alinikalisha kitako siku nzima akanifundisha, nami nikaandika katika daftari nililokuwa nikiandikia maandalio ya somo. Alifundisha vibaya. Alirukaruka kutoka ekzosi hadi usukani, akarudi kwenye oili, na nilipouliza swali alikasirika kama fundi anayeshikiliwa tochi vibaya. Moshi mweusi maana yake nozeli za kunyunyizia dizeli zimechoka, wa buluu maana yake injini inakunywa oili. Nifungue kifuniko cha oili injini ikiwa inanguruma, nikiona inapumua moshi kama sufuria ya chai nifunge na kuaga. Nisiamini kilomita zilizoandikwa. Nitazame mpira wa pedali ya breki, kwa sababu mguu wa mtu haudanganyi. Na kwa kuwa gari lilikaa pwani, niiname nikague chini, chumvi ya bahari hula chuma kimyakimya. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, alisema.

Lakini kabla ya hayo yote, kitu kimoja. "Mwalimu," aliniambia, "ukifika usiseme neno. Weka mkono juu ya boneti. Ikiwa ya moto, mtu ameliamsha kabla hujaja ili usilione likiamka. Dizeli mgonjwa hujulikana asubuhi tu. Sisi tunalitaka la asubuhi."

Niliandika sentensi hiyo na kuipigia mstari mara mbili. Nikamwacha na wifi yangu, nikapanda gari la Homa Bay, kisha la Rongo, kisha la Uriri. Njia nzima nilikuwa nikikariri rangi za moshi kama mtoto anayekwenda kufanya mtihani. Nilimpigia simu mwenye gari nikiwa karibu kufika ili anielekeze kwake. Akasema kwa Kiswahili chake laini cha pwani kwamba haiwezekani mama wa watu atembee juani. Nilipoteremka steji, gari lilikuwa limeegeshwa kivulini likinisubiri. Jeusi, limeoshwa, linanguruma taratibu. Mzee akashuka, akachukua mfuko wangu, akanifungulia mlango wa nyuma.

Niliweka mkono juu ya boneti hata hivyo. Ilikuwa ya moto kama bati la mchana. Mzee akatabasamu akidhani nimelipenda.

Ningesema nini? Mtu amekuja kunipokea. Kwetu ukimkatalia mwenyeji anayekupokea umemtukana yeye, mkewe na jiko lake. Niliketi pale nyuma, kiti kikanimeza kwa ulaini, nikawaza jinsi mume wangu angelala vizuri humo, na papo hapo nikawaza kwamba ndivyo wanavyokunasa. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, na hiki kilikuwa kimetembea mpaka steji. Nilikuwa na hasira naye na nilikuwa namshukuru, vyote pamoja.

Nyumbani kwake hatukulikaribia gari. Kwanza chakula. Mkewe, mama mnene mwenye sauti nzuri, aliandaa ugali wa mtama, nyama iliyokaushwa na mboga chungu iliyotiwa maziwa. Tulipokuwa tunakula, wakaanza kuuliza kama inavyoulizwa kila mahali: nimezaliwa wapi, nimeolewa wapi, watoto wameishia wapi. Niliwaambia mume wangu anaumwa figo na ndiyo sababu ya gari. Wakasikitika kwa dhati. Kisha nikasema binti yangu mkubwa ameolewa pande zizo hizo za Uriri, anaishi Nairobi na mumewe. Mama akaacha tonge hewani. Akauliza ni boma gani. Nikataja.

Lilikuwa boma la kaka wa mumewe. Binti yangu alikuwa mke wa mtoto wa kaka huyo, kwa desturi mwana wao. Siku ya mahari wao walikuwa bado pwani, ndiyo maana hatukujuana. Mama alisimama, akapiga kigelegele kifupi, akakimbia kuniletea kiti chenye mto. Tangu hapo sikuwa tena mnunuzi. Nilikuwa mkwe.

Asiye wa kwetu huenda akafikiri hiyo ilikuwa bahati. Ilikuwa balaa. Mkwe haulizi ukweli wa kitu. Mkwe hainami chini ya gari la wakwe zake na matako juu. Mkwe havutani bei, hasemi pedali imechakaa, na zaidi ya yote halali kwenye boma alikoolewa binti yake wala kwa ndugu za boma hilo, hata mvua inyeshe mawe. Na mimi nilihitaji gari lilale, lipoe, nilione likiamka.

Nilikagua kwa heshima, yaani kwa wizi. Nilisema ninapenda rangi, nikalizunguka nikitazama kama magurudumu yameliwa upande mmoja. Niliangusha kitambaa changu makusudi mara mbili ili niiname, na mara ya pili mzee aliniwahi akakiokota. Nilichoona chini hakikuwa na kutu ya kutisha. Pedali ya breki ilikuwa imelika kidogo tu. Mzee alipowasha, taa zote za dashibodi ziliwaka kisha zikazima moja moja, na hilo lilikuwa kwenye daftari: taa isiyowaka kabisa imezibwa mdomo. Moshi haukuwa na rangi. Lakini gari lilikuwa la moto, na chochote ambacho gari la moto linakuambia ni maneno ya mtu aliyekwisha kunywa chai.

Niliaga bila kusema ndiyo wala hapana. Mama akanifunga leso kiunoni na kunikabidhi kuku jike aliyefungwa miguu, kwa sababu mkwe haondoki mikono mitupu. Nikaenda mjini Suna na kuku wangu, nikapanga chumba katika nyumba ya wageni karibu na soko. Nilimfunga kuku kwenye mguu wa meza nikampigia mume wangu. Nilimweleza yote.

"Rudi alfajiri," alisema. "Usimwambie, akijua ataliamsha. Ufike kabla hajaamka, uweke mkono, ndipo umwombe awashe. Nipigie, uishike simu karibu na boneti. Mimi nitalisikia."

Tulipanga vizuri kama wezi. Sisi wawili, mwalimu mstaafu na dereva wa wakubwa, tulifikiria hita plagi zinazoipasha injini kabla ya kuwaka, oili, betri na baridi ya asubuhi. Hatukumfikiria binadamu hata mmoja. Sikulala vizuri. Niliota gari jeusi limejaa uani kwetu, halina milango.

Saa kumi na mbili kasoro nilikuwa Uriri, nimebebwa na bodaboda, na kuku kwenye kikapu kwa sababu sikuwa na mtu wa kumwachia. Nilimlipa dereva mbali kidogo na lango ili mlio usiamshe watu. Mbwa alinijua, hakubweka. Gari lilikuwa limeegeshwa pembeni mwa jiko lenye paa la bati, limelowa umande. Nilimpigia mume wangu. Akapokea papo hapo, na kwa jinsi alivyopokea nilijua naye hakulala. Nikaweka mkono juu ya boneti. Ilikuwa baridi kama mtungi. Nilijisikia kulia kwa furaha.

"Baridi," nilimwambia kwa kunong'ona.

Hapo mlango wa jiko ukafunguka. Mama alitoka na kuni mkononi, akaniona. Sasa naona alichokiona yeye: mkwe aliyeondoka jana amesimama uani kabla ya jua, hakutoa taarifa, macho mekundu, simu sikioni, kuku waliyempa amemrudisha kikapuni, na mkono wake ameuegemeza kwenye gari kama mtu anayetaka kuanguka. Kwetu mkwe haji alfajiri bila kuitwa. Akija, ameleta jambo moja tu.

Kuni zilimdondoka. Aliweka mikono yote miwili kichwani na kupiga nduru, ile ndefu inayopanda, ambayo ukiisikia unajua kuna maiti mahali. Watu wa mlima wa ng'ambo wakaitikia. Mzee akatoka mbio na fulana na shuka, akinipa pole kwa Kijaluo kilichosahau Mombasa yote. Mama alikuwa amekwisha kuketi chini akimlilia mume wangu ambaye hakuwahi kumwona. Alimwita mkwe mwema, akamuuliza amemwachia nani mwalimu. Majirani wawili walipita langoni wakikimbia. Na simu ilikuwa wazi mkononi mwangu.

Nimepigia kelele madarasa ya watoto sitini kwa zaidi ya nusu ya maisha yangu, lakini sauti iligoma. Nilisikia nduru zile nikazijua. Ndizo nilizokuwa nikizisubiri tangu asubuhi ile gari lilipokataa kuwaka. Kwa muda mfupi nilisadiki. Nilifikiri, basi wao wameambiwa kabla yangu, amekufa, nami niko hapa nashika gari. Nikaipeleka simu sikioni. Nilimsikia anapumua.

"Hajafa," nilisema. "Nimekuja kusikiliza injini."

Ilibidi niseme mara ya pili. Mama akaacha kulia katikati ya neno. Watu wote walinitazama, na hakuna aliyecheka, hata kuku alitulia. Nilitamani ardhi inimeze na daftari langu. Nikaanza kueleza kwa haraka: mashine ya Homa Bay, zamu iliyotupita, pumzi zake usiku ule, boneti ya moto. Nilisema vyote, hata kitambaa nilichoangusha makusudi.

Mzee alijifunga shuka vizuri. Kisha akaingia ndani akatoka na ufunguo. Aliketi kwenye gari, akauzungusha. Injini ikakohoa, ikafa. Akauzungusha tena, ikakohoa zaidi, ikafa. Mara ya tatu ilishika, ikatetemeka vibaya, na moshi mweupe ukajaa uani mpaka mama akajifunika pua. Nilikuwa nimeinyoosha simu juu ya boneti kama mtu anayemulika.

Mzee akazima. Hakunitazama. "Mkwe, linafanya hivyo tangu mvua zianze," alisema. "Hita plagi mbili zimekufa. Jana nilikuja steji ili usilione likikohoa. Sikujua kuwa ni wewe."

Hofu yangu yote ikageuka hasira. "Na angekuwa mwingine?" nilimuuliza. "Mwingine naye si ana mgonjwa?"

Mkewe ndiye aliyejibu, kwa kumtazama tu, na sidhani kama mzee alipenda mtazamo ule. Ndipo sauti ya mume wangu ikatoka kwenye simu, nyembamba, ya dereva kabisa. Alitaka liwashwe tena. Mzee akawasha, sasa likashika mara ya kwanza, likatetemeka kidogo, likatulia. Mume wangu aliagiza nifungue kifuniko cha oili, na safari hii sikumuomba mtu radhi. Nilifungua, hakukuwa na moshi. Aliagiza mguu ukanyagwe polepole, kisha uachwe. Aliuliza rangi. Nikamwambia ulikuwa mweupe, sasa hauna rangi.

"Injini ni nzima," alisema. "Plagi ni kitu kidogo, lakini abadilishe zote, si mbili. Na kabla hujakata simu, Mwalimu, mshukuru huyo mama. Amenilia vizuri sana."

Nilipofikisha salamu hizo mama alicheka na kulia pamoja. Kisha akamchukua kuku kikapuni, akasema kuku aliyebeba msiba wa uongo hafai kurudi Sindo, akanipa mwingine.

Sikulipa siku ile. Nilimwambia mzee abadilishe plagi, alilete gari mwenyewe Sindo, lilale uani kwetu, na asubuhi liwake mbele ya mume wangu. Likiwaka, tutahamisha logbuku iandikwe jina letu. Lisipowaka, litalala tena. Undugu wetu uko palepale, nilisema, lakini figo hazina wakwe. Alikubali kila kitu. Alikuja baada ya siku nne, na asubuhi mume wangu alitolewa nje kwa kiti, akaweka kiganja juu ya boneti, akaacha kidogo, kisha akatikisa kichwa kuruhusu. Liliwaka mara ya kwanza. Waliketi wakaongea habari za nozeli mpaka chai ikapoa, na mume wangu alimsimulia mgeni jinsi alivyosikia msiba wake mwenyewe, wakacheka wakishikana mikono. Mimi nilikwenda nyuma ya nyumba. Sikuweza kucheka bado.

Sasa ni mimi ninayeendesha. Leseni nilikuwa nayo tangu zamani, yeye ndiye aliyenifundisha, na bado ananifundisha vibaya kutoka kiti cha nyuma mpaka Homa Bay. Kurudi huwa hafundishi. Hulala, na barabara haimtikisi.

Asubuhi za kliniki mimi huamka kabla yake. Kabla sijatoka nje naweka kiganja kwenye paji la uso wake, polepole, nisimwamshe. Kisha natoka, naweka kiganja hichohicho juu ya boneti. Gari natakiwa nilikute baridi na yeye nimkute ana joto. Nikirudi kumwita namkuta amefumbua macho. Huniuliza nimeanza na nani leo, na gari au na yeye. Namwambia nimeanza na gari.